Kabari ya Mbao

Ndani ya buti ya gari lile, chini ya gurudumu la akiba lililokwisha upepo miaka mingi, palikuwa na mfuko wa turubai uliofungwa kwa kamba ya katani, na ndani ya mfuko mlikuwa na jeki ya asili, spana tatu, bisibisi isiyo na mpini, na kipande cha mbao kilichokuwa cheusi kwa oili, kirefu kadiri ya shubiri moja na ushei, kipana juu na chembamba chini mithili ya ulimi wa ng'ombe, kilichotobolewa tundu kichwani na kupitishwa waya. Vile vyuma nilivitambua mara moja. Kile kijiti sikukitambua, na kwa kuwa ni desturi ya mtu kukidharau asichokijua, nilikipa kazi ya kwanza iliyopita mbele yangu, nayo ilikuwa kukaza chini ya mlango wa banda ili upepo wa kusi usiubamize. Kikakaa hapo mwaka mzima.

Gari lenyewe ni Datsun 1600 SSS, la lile umbo ambalo Wajapani wenyewe waliliita Bluebird na kulipa namba 510, likaanza kuuzwa mwaka 1967. Herufi zile tatu ni kifupi cha Super Sports Sedan, jina la majivuno kidogo, kwani anayelitazama gari hili kwa mara ya kwanza haoni mwanariadha ila kasha lenye pembe zilizonyooka, milango minne, na paa lililoinuliwa kama kwamba wote watakaopanda ni wazee wenye kofia. Lakini waundaji wake walitia ndani ya kasha hilo mambo ambayo siku zile aghalabu yalipatikana katika magari ya bei kubwa tu: injini ya L16 yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita mchemraba 1,595, kamshafti yake ikiwa juu ya hedi na kuzungushwa kwa cheni. Kabureta mbili mahali pa moja. Breki za diski mbele. Na nyuma, badala ya ekseli nzima iliyolazwa juu ya springi za mabamba, kila gurudumu likapewa mkono wake na springi yake, hata moja likitumbukia shimoni jingine lisipate habari.

Watu wa hirimu ya baba zetu walilijua gari hili kwa vumbi lake. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 kwa ajili ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza na baadaye yakashika siku za Pasaka, yalikuwa yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika juu ya udongo ambao jua likiwaka ni unga na mvua ikinyesha ni sabuni. Nissan walileta magari yao mara ya kwanza mwaka 1963, mwaka mgumu ambao katika magari 84 yaliyoondoka yalirejea 7 tu; na miaka saba baadaye, mwaka 1970, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda kwa Datsun 1600 SSS. Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Peugeot, na alikuwa na haki yake, maana Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda mara mbili mfululizo kwa Peugeot 404, mwaka 1966 na 1967, na mtu aliyekwisha kuonja fahari ya kushindiwa na jirani yake hamsamehe upesi mgeni anayekuja kumpokonya. Ushindi wa 1970 aliueleza maisha yake yote kuwa ni wa mvua. Nadhani lau angalikuwa hai nisingalithubutu kulileta gari hili nyumbani mchana.

Nililinunua Muheza, kwa warithi wa mwalimu mmoja ambaye naye alilinunua kwa bwana wa shamba la katani katika siku ambazo katani ilikuwa bado yaweza kumnunulia mtu gari la spoti. Lilikuwa limesimama chini ya mwembe miaka isiyopungua kumi na miwili. Mwembe ni mti wa hisani kwa binadamu, lakini kwa rangi ya gari ni adui, kwa sababu utomvu wake hudondoka tone moja moja na kila tone likala rangi hadi kwenye bati, na paa lilikuwa na madoa kama la chui. Kadi ya gari ilikuwa na majina ya wamiliki wanne, na majina hayo nimeyasoma mara nyingi kuliko inavyostahili, nikijaribu kukisia ni nani kati yao aliyeongeza taa za ukungu, ni nani aliyebadili usukani, na ni nani, Mungu amrehemu, aliyekuwa akiegesha kwa kuusikiliza ukuta.

Tulilivuta hadi Tanga kwa kamba, likaingia katika banda nililojenga ubavuni mwa nyumba, Ngamiani, banda la mabati na nguzo za mikoko ambalo mama watoto aliahidiwa kuwa litakuwa la kuku.

Anayefufua gari mwambao hafanyi kazi ile ile ya mwenziwe wa Arusha au Iringa. Hewa yetu ina chumvi, nayo chumvi haina haraka wala haichoki. Huingia penye mkunjo wa bati, chini ya kizingiti cha mlango, mahali inapokaa betri, pembeni mwa kioo cha mbele panapotuama maji, na huko hufanya kazi yake kwa siri, ilhali rangi ya nje yang'aa na mwenye gari apokea pongezi. Nilipoanza kusugua kizingiti cha kushoto kwa brashi ya waya nilidhani nitakuta bati lililochakaa, nikakuta puti. Nikachimba puti, nayo ilikuwa nene kama andazi, na nyuma ya puti nikakuta karatasi. Fundi mmoja wa zamani, alipoona tundu ni kubwa na puti ni ghali, alikunjakunja gazeti, akalishindilia ndani ya uwazi wa kizingiti, akapaka puti juu yake, akasawazisha kwa msasa kwa ustadi ambao siwezi kuukana, akatia rangi, akamkabidhi mwenye gari mali yake. Gazeti lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Tarehe ilikwisha kuliwa na kutu. Nilichoweza kusoma ni nusu ya tangazo la kupotea kwa baiskeli.

Nilikasirika siku ile. Baadaye, baada ya kukata mwenyewe bati, kulikunja kwa nyundo juu ya kipande cha reli, kulichomelea kizingitini usiku kwa sababu mchana umeme haukuwapo, na kuona asubuhi kuwa nimelichomelea likiwa limepinda upana wa kidole, hasira ile ilinipungua sana. Gazeti lake lilikaa mahali pake miaka mingi, nalo halikupinda.

Kazi hii, kama ifanyikavyo nyumbani, haifanyiki faraghani. Mbele ya banda kuna ubao mrefu juu ya matofali, na kila jioni baada ya alasiri ubao huo hukaliwa na watu ambao sikuwaita, nao wamegawanyika madhehebu mawili. Vijana wanasema gari lishushwe liketi chini, litiwe rimu pana, na hiyo L16 iondolewe itiwe L20B ya Datsun 200B, yenye ujazo wa sentimita mchemraba 1,952, au bora zaidi injini mpya kabisa ya Nissan yenye kompyuta. Wazee wanasema gari lirejeshwe kama lilivyotoka kiwandani, hata skrubu za dashibodi, na lolote litakalozidishwa ni uharibifu. Vijana wana hoja yao, wala si ya ubishi mtupu, kwani huko Marekani timu ya Peter Brock ilichukua magari haya haya ya 510, ikayashusha, ikayatia rimu pana, na dereva wake John Morton akatwaa ubingwa wa Trans-Am wa magari yasiyozidi lita 2.5 mwaka 1971 na tena 1972, na tangu hapo sura ya Datsun 510 katika fikra za vijana wa dunia nzima ni sura ya gari linalokaribia kulamba lami.

Lakini nilipozunguka banda nikitazama magurudumu ya nyuma niliona tatizo ambalo picha haisemi. Ile mikono miwili ya nyuma, ambayo ndiyo sifa ya gari hili, imefungwa kwa pembe. Gari likishushwa, magurudumu huinamiana juu kama watu wawili wanaonong'onezana, na tairi huliwa upande wa ndani. Kwenye uwanja wa mashindano, penye lami kama kioo na tairi za bure, mtu aweza kustahimili hayo. Mimi nina barabara ya kwenda Pangani.

Na huko ndiko, kwa maoni yangu, madhehebu yote mawili yalikopotea. Gari lililoshinda mwaka 1970 halikushinda kama lilivyotoka dukani, wala halikushinda kwa kushushwa. Waliolileta walilijua tope la huku na mawe ya huku, wakalitengeneza kwa ajili ya hayo. Basi mtu akiniuliza asili ya Datsun 1600 SSS ni ipi katika nchi hii, nitamwambia kuwa asili yake ni kuinuliwa. Niliagiza springi nzito zaidi, zikaliinua sentimita 3. Nikakata bamba la chuma la milimita 4 na kulifunga chini ya sampu. Nikatia mikanda ya usalama nyuma, ambako haikuwako. Nikaondoa pointi za distribyuta na kutia moto wa elektroniki, kwani nilichoka kuuziwa pointi bandia zinazoungua kwa juma moja, lakini seti moja ya pointi halisi niliifunga kwa karatasi ya nta na kuiweka katika kisanduku cha dashibodi, kwa kuwa kifaa cha elektroniki kikifa njiani hufa bila wasia, ilhali pointi hukohoa siku mbili kabla.

Ile L20B nilifikiriwa kuwa mwoga kwa kuikataa. Sikuikataa kwa ibada ya asili. Bloki yake imezidi ile yangu kwa sentimita 2 hivi kwenda juu, na katika gari sentimita 2 si kitu kidogo: bomba la moshi halikutani tena na mwenziwe, sampu haikubali mahali pake, nguvu ikizidi breki huomba kubadilishwa, breki zikibadilishwa rimu za inchi 13 hazizipokei, na rimu zikibadilishwa gia ya nyuma huonekana fupi au ndefu. Badiliko haliji peke yake, huja na jamaa zake wote, nao hukaa. Nimeona Mombasa gari la mtu ambaye alianza kwa kubadili kabureta. Leo hii ana magari mawili nusu nusu na nyumba ya kupanga.

Jambo lililonipa tafakari kubwa kuliko injini lilikuwa dogo. Mikono ya mbele hushikwa na fimbo mbili za chuma, na mwishoni mwa kila fimbo kuna bushi za mpira. Nilipozitoa niliona kuwa hazikuwa za kununua. Mtu alikata mpira wa tairi la lori, mduara kamili, akautoboa katikati, akauchonga ukingo kwa kisu kuupa ule mteremko unaotakiwa ili uketi katika bamba, akafanya vinne vilivyolingana, na kwa kuwa nyuzi za tairi zingaliruhusu maji, akaunguza kingo kwa chuma cha moto hadi zikaziba. Nilivipima kwa kalipa. Tafauti kati ya kikubwa na kidogo ilikuwa chini ya milimita moja. Vile vipya vilivyotoka ng'ambo, ndani ya mfuko wa plastiki wenye nembo, nilikuwa nimekwisha kuvilipia, na nilivifunga. Lakini vile vinne sikuvitupa, na hata leo sijui nimevihifadhi kwa sababu gani, maana haviwezi kurudi garini, wala si pambo. Huyo fundi huenda ndiye yule yule wa gazeti. Sioni ajabu: mtu aliyelipwa vizuri siku moja na vibaya siku nyingine huacha nyuma yake kazi za namna mbili.

Mwezi wa Juni, kusi ikiwa imeshika, niliamua kufungua silinda hedi. Injini ilikuwa ikiwaka, lakini maji yalionekana ndani ya oili, yakaifanya rangi ya maziwa, dalili isiyo na tafsiri mbili. Nikatoa kabureta, nikalegeza bolti kwa kufuata utaratibu wa kutoka nje kuja ndani, nikafungua ile bolti moja ya kichwa cha kamshafti, nikaivuta spoketi taratibu, nikaridhika nafsini mwangu kwa ulaini ambao kazi ilikwenda. Hapo cheni ikalegea, na kutoka chini kabisa, ndani ya giza la kava ya mbele, nikasikia sauti moja ndogo, tik, kama mtu aliyeweka kikombe juu ya kisahani.

Ile tik ilikuwa tenshena. Ndani ya kava ya mbele kuna kipande kinachosukumwa na springi kuikaza cheni, nacho hakizuiwi na kitu chochote ila cheni yenyewe. Ikilegea, chatoka mahali pake, na kikishatoka hakirudishwi kwa juu kwa hila yoyote niijuayo. Itabidi kava ivuliwe. Na kava haivuliwi mpaka rejeta itoke, puli ya krenki itoke, pampu ya maji itoke, distribyuta na pampu ya oili zitoke, na bolti za sampu zilegezwe, na siku ya kurudisha, ule mti mwembamba wa pampu ya oili unaozungusha distribyuta ukikosea jino moja tu, injini haitawaka na utamlaumu kila mtu isipokuwa ule mti. Niliukosea. Nilitoka bandani usiku wa tatu nikiwa na oili hadi kwenye nyusi, na mama watoto, ambaye kwa insafu yake hajapata kuniuliza hesabu ya fedha, aliniuliza tu kama kuku nao hufunguliwa namna hiyo.

Asubuhi yake nilikwenda kumwita mzee mmoja wa barabara ya kumi na mbili, aliyekuwa fundi wa magari haya tangu yalipokuwa mapya, na sasa macho yamempunguka na haendi kazini. Alikuja kwa baiskeli, akisukumwa na mjukuu wake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Limekushinda?"

Nikamweleza. Alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama, mkono wake ukipapasa ukingo wa bloki kama mtu anayempapasa ng'ombe kabla ya kumnunua.

"Cheni hukuitilia kabari?"

"Kabari gani, Mzee?"

Akageuka, si kwa macho, maana mlango ulikuwa mbali na macho yake, bali kwa sauti ya mti ukisuguana na saruji upepo ulipousukuma mlango.

"Hebu niletee hicho kilichoshika mlango wako."

Nikakichomoa, nikampa. Alikipitisha vidoleni, akaligusa lile tundu na waya wake, akakwaruza ubavu kwa ukucha na kunusa.

"Mvule," alisema. "Yangu ilikuwa ya mninga. Kila mtu wa injini hizi alichonga yake. Unaishusha katikati ya cheni kabla hujagusa bolti ya kamshafti, inabana pande zote mbili, tenshena inakaa kimya, unafanya kazi yako, ukimaliza unavuta waya." Akanirudishia. "Aliyeichonga hii, unafikiri alikuwa na shida ya mlango?"

Mjukuu wake alicheka. Mimi nilikwenda kutafuta chai.

Hedi ilikwangwa ikanyooka, gasketi ikatiwa mpya, na nilipoirudisha hedi, kabari ilikuwa mahali pake, waya wake umening'inia nje ya cheni. Nilipima nafasi za valvu injini ikiwa ya moto, milimita 0.25 za kuingizia na 0.30 za kutolea, nikiungua vidole kama impasavyo mtu. Kisha yakaja mambo ya kabureta, na hapa nilimwomba mzee abaki, kwa kuwa kazi hii haihitaji macho. Kabureta za gari hili zina kuba mbili ndogo za alumini, na ndani ya kila kuba mna pistoni ambayo hupanda na kushuka kwa pumzi ya injini yenyewe, ikichukua pamoja nayo sindano iliyochongwa nyembamba kuelekea chini, hata ikipanda tundu la petroli likapanuka na ikishuka likafinyika. Zikipumua sawa gari lina nyoyo mbili zenye nia moja, zisipopumua sawa silinda mbili huwabeba wenzao. Mzee alichukua mpira wa kunyweshea bustani, urefu wa mkono, akatia ncha moja sikioni na nyingine kinywani mwa kabureta ya mbele, akasikiliza. Akahamia ya nyuma, akasikiliza. "Hii inavuma, hii inapiga mluzi. Zungusha robo. Rudisha. Kidogo tena." Nikazungusha skrubu kwa robo za robo, na sauti mbili zikasogeleana, zikasogeleana, mpaka aliponitolea mpira sikioni na kuutia katika langu, na sikuweza kusema ni ipi ya mbele na ipi ya nyuma.

Kabari nimeirudisha katika mfuko wake wa turubai, chini ya gurudumu la akiba. Mlango wa banda siku hizi nimeuegemezea tofali, na upepo wa kusi ukizidi tofali halifai kitu. Mlango hubamizwa usiku kucha, na mama watoto huniuliza kile kijiti changu kizuri kimekwenda wapi.